Kiungo cha Lehemu: Jinsi Vibao vya Saketi Vinavyoundwa

Redio inayonyamaza ghafla, ikapigwa kofi ubavuni na kuanza tena kusema, si kitu kigeni katika nyumba nyingi. Wenyewe hucheka, na wengine husema kuwa ina jini. Fundi aliyeizoea kazi yake hana habari na jini. Huifungua redio, akakibonyeza kibao cha ndani kwa kijiti kikavu, hapa na pale, mpaka aone ni mahali gani sauti inakatika na kurudi. Aghalabu mahali hapo huwa na kidonge cha metali ya kijivu, kisichozidi ukubwa wa punje ya mtama, ambacho kwa kutazamwa haraka hakionyeshi kasoro yoyote. Kidonge hicho ni kiungo cha lehemu. Rezista ni nzima, transista ni nzima, betri zina nguvu. Kilichoharibika ni mahali ambapo kitu kimoja kinashikana na kingine.

Mtu akisikia habari za kuundwa kwa vyombo vya elektroniki huwaza kwanza juu ya chipu na mamilioni ya transista zilizomo ndani yake. Hapana shaka kuwa hiyo ni kazi ya ajabu. Lakini chipu iliyotoka kiwandani haifai kitu mpaka ishikizwe pamoja na vijenzi vingine, na kazi hiyo ya kushikiza ndiyo inayoelezwa hapa. Simu moja ya mkononi ya siku hizi ina viungo vya lehemu maelfu kadhaa. Kukatika kwa kimoja tu kwaweza kutosha kukinyamazisha chombo kizima.

Ugumu wa jambo hili huonekana vizuri kwa hesabu ndogo. Tuseme kila kiungo kina uwezekano wa 999 katika 1,000 wa kuwa kizima. Kwa kazi nyingi za mikono hiyo ni sifa kubwa. Mwanafunzi anayekosa swali moja katika 1,000 hana mwenzake. Lakini kibao chenye viungo 1,000 kitakuwa kizima chote kwa uwezekano wa 0.999 kuzidishwa kwa yenyewe mara 1,000, na jibu lake ni takriban 0.37. Maana yake ni kwamba katika vibao 100, vibao 63 hivi vitatoka na kasoro. Ili vibao 99 katika 100 viwe vizima, inapasa kiungo kibovu kisizidi kimoja katika 100,000. Mashine na desturi zote zitakazotajwa hapa chini zimetokana na hesabu hiyo.

Kibao na njia zake

Katika redio za vali za miaka ya 1930 na 1940, vijenzi vilifungwa juu ya sahani ya bati na kuunganishwa kwa nyaya, waya mmoja baada ya mwingine, kila ncha ikilehemiwa kwa mkono. Mfanyakazi aliyechoka aliweza kuufunga waya mahali pasipo pake, na kosa hilo likatafutwa kwa saa nzima. Mhandisi Paul Eisler, mzaliwa wa Vienna aliyehamia Uingereza mwaka 1936, alitengeneza huko London redio ambayo nyaya zake hazikufungwa, bali zilichapwa: alichukua karatasi nyembamba ya shaba iliyogandishwa juu ya kitu kisichopitisha umeme, kisha akaiondoa shaba yote isiyotakiwa na kuacha njia tu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili vibao vilivyochapwa vilitumiwa na jeshi la Marekani katika fyuzi za makombora, na baada ya vita vikaenea katika vyombo vya raia.

Wazo lenyewe halijabadilika mpaka leo. Kibao cha kawaida hutengenezwa kwa kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa kwa gundi ya epoksi, kikashindiliwa na kukaushwa mpaka kikawa kigumu. Unene wake mara nyingi ni milimita 1.6. Juu yake hubandikwa shaba yenye unene wa mikromita 35, yaani sehemu 35 za elfu moja za milimita, ambao ni takriban nusu ya unene wa unywele. Njia zinazotakiwa hufunikwa kwa rangi maalumu, kisha kibao hutoswa katika dawa inayokula shaba. Katika maabara ya shule na karakana ndogo dawa hiyo ni kloridi ya chuma, nayo hufanya kazi hivi:

Cu + 2FeCl₃ → CuCl₂ + 2FeCl₂

Mwanafunzi wa kemia atatambua kuwa shaba imepoteza elektroni na chuma kimezipokea. Viwanda vikubwa hutumia dawa nyingine ambazo ni rahisi zaidi kusafishwa na kutumiwa tena, lakini kanuni ni hiyo hiyo. Baada ya hapo matundu hutobolewa, na kuta za matundu hupakwa shaba kwa njia ya kemikali na umeme ili njia za upande mmoja zikutane na za upande wa pili. Kibao cha simu huwa na tabaka nyingi za shaba zilizopangwa kama kurasa.

Mwisho hupakwa ile rangi ya kijani inayojulikana na kila aliyewahi kufungua redio. Wengi hudhani ni pambo. Kazi yake ni kuzuia lehemu isishike mahali pengine ila kwenye vidoa vya shaba vilivyoachwa wazi kwa makusudi. Bila rangi hiyo lehemu ingetiririka kutoka njia moja hadi nyingine, na njia mbili zilizopakana zingegusana.

Lehemu ni kitu gani

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na yafaa kukaa kidogo.

Lehemu ya kale, ambayo mafundi wengi wa redio huiita risasi tu, ni aloi ya bati na risasi. Bati safi huyeyuka kwenye nyuzi 232 za sentigredi, na risasi safi kwenye nyuzi 327. Mtu angetazamia kuwa mchanganyiko wao utayeyuka mahali fulani katikati ya hizo mbili. Sivyo. Sehemu 63 za bati zikichanganywa na sehemu 37 za risasi, aloi huyeyuka kwenye nyuzi 183, chini ya zote mbili. Atomi za aina mbili zisizolingana hushindwa kujipanga katika fuwele moja iliyo imara, na kwa hiyo joto dogo zaidi latosha kuzitawanya. Jambo hili si geni: chumvi ikichanganywa na barafu iliyopondwa, barafu huyeyuka ingawa mchanganyiko uko chini ya sifuri kwa nyuzi nyingi.

Uwiano huo wa 63 kwa 37 una faida ya pili, na kwa fundi pengine ndiyo kubwa zaidi. Aloi zenye uwiano mwingine zikipoa hupitia kwanza hali ya uji, nusu mango na nusu kiowevu, kabla ya kuganda. Aloi ya sehemu 40 za bati na 60 za risasi, mathalani, huanza kuganda kwenye nyuzi 238 hivi na kumaliza kwenye nyuzi 183. Kijenzi kikitikisika katika muda huo, fuwele hupasuka zikiwa changa, na kiungo hutoka na uso wa chengachenga. Aloi ya 63 kwa 37 hutoka katika hali ya kiowevu na kuingia katika hali ya mango mara moja, bila uji.

Lakini kuyeyuka peke yake hakuungi kitu. Tone la maji juu ya jani la gimbi huviringika kama shanga na kuanguka bila kuliacha jani limelowa; tone lile lile juu ya kioo kisafi hutandaa. Lehemu nayo ina tabia hizo mbili. Juu ya shaba safi hutandaa na kuilowesha. Juu ya shaba yenye kutu huviringika kama juu ya jani la gimbi. Na shaba yoyote iliyoachwa hewani huwa na utando wa oksidi, hata kama jicho haliuoni. Joto la kulehemia huuzidisha.

Kwa sababu hiyo hakuna kulehemu bila flaksi. Flaksi ya jadi ni utomvu wa msonobari uliokaushwa, ule ambao wapiga fidla hupaka kwenye uta wao. Ukiwa wa baridi utomvu huo ni mkavu na mpole, haudhuru metali. Ukipata moto huyeyuka, na asidi hafifu zilizomo ndani yake huitoa oksidi na kuifunika shaba ili hewa isiirudie. Waya wa lehemu unaouzwa madukani huwa na mfereji mwembamba wa flaksi katikati yake, na moshi unaopanda wakati wa kulehemu ni wa flaksi hiyo.

Baada ya shaba kuloweshwa kuna jambo la tatu, nalo hutukia pasipo kuonekana. Atomi za bati na za shaba huingiliana na kufanya kampaundi mpya mpakani, ambayo sehemu yake kubwa ina atomi 6 za shaba kwa kila atomi 5 za bati, yaani Cu₆Sn₅. Tabaka la kampaundi hiyo lenye unene wa mikromita 1 hadi 3 ndilo linaloonyesha kuwa kiungo kimeshika kweli. Lisipokuwepo, lehemu imekaa juu ya shaba kama tope lililokauka juu ya jiwe. Lakini kampaundi hiyo ni ngumu na yenye kuvunjika kama kigae, na kadiri joto linavyodumu ndivyo inavyonenepa. Fundi anayekishikilia chuma cha moto kwa muda mrefu akidhani anakiimarisha kiungo, kwa kweli anakidhoofisha. Sekunde mbili tatu zatosha kwa kiungo kidogo.

Miguu katika matundu

Redio zilizounganishwa katika viwanda vya Dar es Salaam na Arusha katika miaka ya 1970 zilikuwa na vijenzi vyenye miguu ya waya. Miguu hiyo hupitishwa katika matundu, kijenzi kikakaa upande mmoja wa kibao na lehemu ikatiwa upande wa pili. Kulehemu mguu mmoja mmoja kwa mkono ni kazi ya polepole, nayo hutegemea uchovu na afya ya mfanyakazi. Huko Marekani, Moe Abramson na Stanislaus Danko wa kikosi cha mawasiliano cha jeshi walibuni njia ya kuingiza miguu yote kwanza, kisha kukitosa kibao chote kwa mara moja juu ya lehemu iliyoyeyuka. Hataza yao ilitolewa mwaka 1956.

Kutosa kulikuwa na dosari moja: uso wa lehemu iliyotulia katika beseni hufunikwa upesi na takataka za oksidi, na hewa hunaswa chini ya kibao. Dosari hiyo iliondolewa katika miaka hiyo hiyo ya 1950 kwa kuifanya lehemu ipande yenyewe. Pampu iliyomo ndani ya beseni huisukuma lehemu juu kupitia mlango mwembamba, ikainuka na kuanguka kama wimbi lisilokwisha. Metali inayokutana na kibao huwa mpya na safi kila mara. Kibao hupakwa flaksi, hupashwa moto mpaka nyuzi 100 hivi ili kisishtuke, kisha huvutwa juu ya wimbi hilo kikiwa kimeinama kidogo. Kila mguu hukaa ndani ya lehemu kwa sekunde chache tu. Kule kuinama nako kuna sababu: lehemu iliyozidi hudondoka kurudi ndani ya beseni badala ya kubaki katikati ya miguu miwili kama daraja.

Lehemu haiishii chini ya tundu. Kwa nguvu ya kapilari, ile ile inayopandisha mafuta ya taa katika utambi, hukwea ukuta wa tundu mpaka upande wa juu. Mkaguzi akiona duara ya lehemu inayong'aa upande wa juu hujua kuwa tundu limejaa.

Uji wa lehemu na tanuri

Vijenzi vya siku hizi vingi havina miguu. Rezista yaweza kuwa na urefu wa milimita 1 na upana wa nusu milimita, ikiwa na ncha mbili zilizopakwa metali. Ikianguka sakafuni haifai kutafutwa. Vijenzi hivi hukaa juu ya uso wa kibao bila tundu, na njia hii ilienea sana katika miaka ya 1980, ingawa chimbuko lake ni la miaka ya 1960 katika kompyuta za roketi za Marekani.

Hapa lehemu huja ikiwa uji. Chembe za mviringo za aloi, zenye kipenyo cha mikromita 20 hadi 45 hivi, huchanganywa na flaksi nzito. Kwa uzito metali ni karibu asilimia 90. Kwa ujazo ni nusu tu, kwa sababu metali ni nzito kuliko flaksi mara nyingi. Uji huo hupakwa kwa stensili. Walimu waliowahi kuchapa mitihani kwa mashine ya zamani ya stensili watalielewa jambo hili bila maelezo marefu: sahani ya chuma cha pua, nyembamba kama milimita 0.1 au zaidi kidogo, iliyotobolewa mahali pa kila kidoa cha shaba, huwekwa juu ya kibao, na ubapa ukapitishwa juu yake ukisukuma uji. Sahani ikiinuliwa, kila kidoa kimebaki na kitofali kidogo cha uji. Kazi hii huonekana nyepesi, na ndiyo yenye kuharibu vibao vingi. Uji uliopata joto hutiririka, uliokauka huziba matundu ya stensili, na kidogo au kingi kupita kiasi huonekana baadaye katika viungo. Kwa hiyo uji hutunzwa katika jokofu, na hutolewa saa kadhaa kabla ya kutumiwa ili upate joto la chumba kabla kopo halijafunguliwa. Likifunguliwa mapema, unyevu wa hewa hugeuka matone ndani yake.

Kisha huja mashine ya kupachika. Ina pua nyembamba zinazonyonya hewa. Kila pua hukiokota kijenzi kutoka katika utepe, kamera hukitazama kimekaaje, pua hukizungusha na kukiweka juu ya uji wake. Mashine za viwanda vikubwa hupachika maelfu ya vijenzi kwa saa. Kunata kwa uji ndiko kunakovishika vijenzi mpaka tanurini.

Tanuri ni refu kama ukumbi mdogo, na kibao hupita ndani yake juu ya mnyororo. Joto halipandi kwa ghafla. Kwanza hufika nyuzi 150 hivi, kisha kibao hukaa katika joto linalopanda taratibu kwa dakika moja au mbili, ili vijenzi vinene na vyembamba vipate joto sawa na flaksi ifanye kazi yake, kisha hupanda mpaka lehemu iyeyuke, na kubaki juu ya kiwango hicho kwa dakika moja hivi, mwisho hupozwa. Mpishi wa mikate anaijua busara hii: moto mkali wa haraka huunguza nje na kuacha ndani kubichi.

Katika dakika ile ya kuyeyuka hutokea jambo la kupendeza. Kijenzi kilichopachikwa kimepinda kidogo hujisogeza chenyewe na kukaa sawa. Mvutano wa uso wa kiowevu hutaka eneo dogo kabisa la uso, na eneo hilo hupatikana ncha zote mbili zikiwa katikati ya vidoa vyake. Lakini nguvu hiyo hiyo haina urafiki. Upande mmoja ukiyeyuka kabla ya mwingine, huvuta peke yake, na kijenzi chepesi husimama wima juu ya ncha moja kama jiwe la kaburi. Ndivyo mafundi wanavyokiita. Chanzo chake mara nyingi si tanuri, bali mchoro: kidoa kimoja kimeunganishwa na njia pana ya shaba inayonyonya joto, na cha pili na njia nyembamba. Kosa lilifanywa na mchoraji, miezi mingi kabla kibao hakijaona moto.

Kukagua kisichoonekana

Kiungo chema cha bati na risasi hung'aa, na kando zake huteremka polepole kama mguu wa mlima. Kibaya huwa kimefura kama tone, kando zake zikiwa zimejikunja kwa ndani. Kamera huvikagua viungo hivyo kwa wingi. Lakini baadhi ya chipu zina viungo vyake chini ya tumbo, mamia ya vidonge vilivyopangwa safu kwa safu, ambavyo jicho haliwezi kuvifikia. Hivyo hupigwa picha za eksirei kama mfupa uliovunjika. Mwishowe kibao hutiwa umeme na kujaribiwa.

Wafanyakazi huvaa mkanda wa mkononi uliounganishwa na ardhi, kwa kuwa umeme tuli unaozalishwa na nguo kavu, ambao mtu hata hausikii, waweza kuua transista ndogo au, mbaya zaidi, kuijeruhi tu ili ife baadaye ikiwa mikononi mwa mnunuzi.

Uchovu wa kiungo

Kiungo kilichopita mitihani yote bado kina adui mmoja. Vitu vyote hutanuka vikipata joto, lakini havitanuki sawa. Kauri ya baadhi ya vijenzi hutanuka kwa takriban sehemu 7 katika milioni kwa kila nyuzi moja; kibao chenyewe kwa takriban sehemu 17. Tofauti ni 10. Kijenzi cha kauri chenye urefu wa milimita 10, joto likipanda kwa nyuzi 60, kitaachwa nyuma na kibao kwa

10 × 0.00001 × 60 = milimita 0.006

yaani mikromita 6. Kiasi hicho hakionekani kwa jicho, lakini lazima kitu fulani kikubali kupinda, na kilicho laini kuliko vyote ni lehemu. Chombo kikizimwa, lehemu hupindwa kurudi. Waya ukipindwa huku na huku mara nyingi hukatika hata kama hakuna aliyeuvuta kwa nguvu. Lehemu nayo huchoka vivyo hivyo. Ufa huanza pembeni na kusonga mbele kidogo kidogo kila joto linapobadilika. Siku moja njia ya umeme hubaki kama uzi. Chombo hufanya kazi kikiwa cha moto na kukataa kikiwa cha baridi, au kinyume chake, na kofi la ubavuni huzigusanisha kuta za ufa kwa muda.

Katika redio hilo ni la kuchekesha. Tarehe 28 Desemba 2014, ndege ya abiria aina ya Airbus A320 iliyokuwa ikitoka Surabaya, Indonesia, kwenda Singapore ilianguka katika Bahari ya Java, na watu wote 162 waliokuwamo walikufa. Ripoti ya wachunguzi wa Indonesia ya mwaka 2015 ilieleza kuwa chombo kinachowekea mpaka kiasi ambacho usukani wa mkiani waweza kugeuka kilikuwa na viungo vya lehemu vilivyopasuka. Wachunguzi walihusisha nyufa hizo na mabadiliko ya joto ya mara kwa mara, ardhini na angani, umeme ukiwashwa na kuzimwa. Hitilafu hiyo ilikuwa imeandikwa katika kumbukumbu za matengenezo mara 23 katika muda wa miezi 12. Ufa peke yake haukuiangusha ndege; chombo hicho kikikataa, ndege bado huweza kurushwa. Lakini onyo lilijirudia mara nne katika safari ile, na baada ya mara ya nne umeme wa kompyuta zinazosaidia kuiongoza ndege ulikatwa, mtambo wa kujiendesha ukajizima, na marubani wakashindwa kuirudisha ndege katika hali ya usalama. Inapasa kutazamwa vizuri ile hesabu ya 23. Kiungo kilichochoka kilitoa taarifa mapema na mara nyingi. Kila mara kilitulizwa, kikarudi.

Dawa ya kiungo kilichopasuka ni moja, nayo si kofi. Hupashwa moto pamoja na flaksi na lehemu mpya kidogo, ikayeyuka yote na kushika upya.

Risasi na bati

Tangu tarehe 1 Julai 2006 nchi za Umoja wa Ulaya zilipiga marufuku risasi katika vyombo vingi vipya vya elektroniki, na viwanda vya dunia vikafuata kwa sehemu kubwa. Risasi ni sumu ya ubongo, hasa wa mtoto, na vibao vilivyotupwa jalalani huiachia ndani ya ardhi. Lehemu iliyochukua nafasi yake kwa wingi ina bati asilimia 96.5, fedha asilimia 3 na shaba asilimia 0.5. Huyeyuka kati ya nyuzi 217 na 220, kwa hiyo tanuri zilipaswa kuongezewa moto, na kiungo chake kizuri hakina mng'ao wa kale. Fundi mzoefu huweza kukidhania kibovu.

Mabadiliko hayo yameongeza haja ya bati, na karibu nusu ya bati linalosafishwa duniani hutumika katika lehemu. Madini yake, kasiteriti, huchimbwa Kyerwa mkoani Kagera, hali kadhalika Rwanda, na Kivu na Maniema nchini Kongo.

Redio za kale ambazo bado zinatengenezwa katika karakana zetu zimejaa risasi. Katika joto la kulehemia risasi haigeuki mvuke kwa kiasi cha kutisha. Moshi ule ni wa flaksi, nao huwasha mapafu, kwa hiyo dirisha lifunguliwe. Risasi huingia mwilini kwa njia ya vidole na chakula. Kibao kinachochomwa moto jalalani ili kupata shaba ni habari nyingine kabisa: moshi wake ni sumu, na watoto wasikaribie.

Kazi kwa darasa

Mwalimu atafute redio ndogo ya betri iliyokufa, aondoe betri, na kukitoa kibao. Vyombo vya umeme wa ukutani na televisheni za kioo kinene visifunguliwe, maana kapasita zake huweza kubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa. Wanafunzi wavitazame viungo kwa lenzi ya mkono chini ya jua, wakiinamisha kibao huku na huku ili mwanga uteleze. Wahesabu viungo vyote, kisha watafute uwezekano wa kibao kuwa kizima ikiwa kiungo kimoja katika 1,000 ni kibovu, na tena ikiwa ni kimoja katika 10,000. Waanze kutafuta nyufa kwenye vijenzi vizito na vile vinavyopata joto au kusukumwa: swichi, tundu la betri, tundu la kipaza masikio, transista kubwa. Ufa wa uchovu huonekana kama duara nyembamba nyeusi inayouzunguka mguu katikati ya lehemu. Wakiipata, waubonyeze mguu huo kwa kijiti na kutazama kama unacheza. Kisha wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kwenda kula.